Nahodha Aliyefungua Lango la Bwawa

Usifungulie bomba la ziwani. Wakataze na wajukuu wasichote hata kikombe mpaka nikuarifu.

Shemeji yangu, nahodha wa klabu ya gofu, amefungua lango la bwawa. Ndiyo, bwawa lile lile la kutulizia maji ya mvua, ili mbolea na dawa za nyasi zisifike ziwani. Amelifungua kwa mikono yake mwenyewe.

Kisa ni mpira. Mpira aliochezea siku alipotwaa kombe umetumbukia humo, akaona heri apunguze maji auone. "Kidogo tu, shemeji," aliniambia. Kidogo. Tope likatoka kwa kishindo, na lango likakataa kurudi.

Nikamwuliza, "Na wanaokunywa ziwani?" Akasema, "Tutasema ni mvua." Mvua, ndugu yangu, na hata tone halijaanguka.

Sasa mawingu yametanda, na fundi hajafika. Nahodha ameketi ndani ya tope, ameliziba tundu la lango kwa mgongo wake kama kizibo. Nimemkataza kuinuka. Wahenga walisema aliyelikoroga hulinywa, lakini hili amelikoroga yeye na mtakaolinywa ni ninyi.

Ameniuliza naandika nini. Nikamjibu kwamba namwandikia mwenye bomba lililo karibu na bwawa kuliko yote.

"Umenitaja jina?"

"Nimetaja cheo," nikamwambia. "Jina analijua."