Nyumba Inayoitika

Jumatatu, 10 Machi

Achieng' amelala. Nina muda wa uji kuchemka, basi.

Makala ya wiki hii ya blogu yetu nimeimaliza. "Ufa gani wa ukuta ni wa kuogopa?" Nimeandika kwenye simu kwa kidole kimoja, mtoto akinyonya. Baba Achieng' alitaka tena niandike kwamba yeye ndiye mkaguzi bora wa nyumba Homa Bay nzima. Nimekataa. Miezi ya kwanza tuliandika hivyo na hakuna aliyesoma ila dada yake. Watu hawaamki wakatafuta mkaguzi. Mtu ameona ufa, ameogopa, anauliza simu yake. Hapo ndipo atukute. Jina la Homa Bay na Migori juu kabisa, picha zetu wenyewe, swali moja, jibu moja. Akiacha maoni, ajibiwe.

Yeye anajua ukuta. Mimi naandika. Nilifika kidato cha nne tu, lakini najua mtu mwenye hofu anauliza vipi.

Mgongo unauma.

Jumatano, 12 Machi

Tumepata mteja! Wa kwanza kutoka kwenye blogu. Nimecheza jikoni na mtoto mpaka akatapika maziwa.

Anaitwa Otieno. Yuko Qatar. Amejenga nyumbani kwao, upande wa Sori, na aliyesimamia ujenzi ni mdogo wake, Ouma. Kwenye picha aliyotumiwa ameona ufa chini ya dirisha, akatafuta, akatukuta. Anakuja Pasaka na mke na watoto. Watalala humo kwa mara ya kwanza. Anataka kujua kitu kimoja: nyumba itawabeba?

Tangu iishe haijalaliwa. Mwenye nyumba ndiye wa kwanza kulala, hiyo kwetu inajulikana. Hata mama yake mzazi hawezi kumtangulia. Kwa hiyo mwaka mzima nyumba imesimama na mapazia yake, tupu.

Jumapili, 16 Machi

Jana ilikuwa Sabato, tumeenda leo. Pikipiki, mimi nyuma, Achieng' mgongoni. Mimi naenda kwa ajili ya picha. Za Baba Achieng' zote zina kidole.

Nyumba ni kubwa. Mabati ya bluu. Vigae sebuleni, sofa bado zina plastiki. Pembeni, karibu na ukuta, kaburi la baba yake Otieno. Mama yake anakaa nyumba yake ya zamani upande wa pili wa uwanja. Nimemwita Dani, kama tunavyowaita bibi zetu. Amenishika mkono na hakuuachilia haraka.

Anaifagia hiyo nyumba kila siku. Asubuhi tu. Kabla jua halijasimama anatoka na kufunga.

Baba Achieng' alikuwa nje anapima ufa. Nilimweka mtoto chini sebuleni nipige picha ya dari. Alikuwa anapiga vigae kwa kiganja, kama anavyopiga kila kitu. Pa, pa.

Chini pakajibu.

Nilidhani ni nyundo ya Baba Achieng'. Nikaangalia dirishani. Alikuwa amesimama na futi mkononi, hana nyundo. Achieng' alikuwa amenyamaza, kichwa kimeinama, anasikiliza. Mtoto wangu huwa hasikilizi kitu.

Dani alikuwa mlangoni. Hakushtuka. Alisema, "Umemsikia? Ni mzee wangu huyo. Nikimsalimia anaitika."

Akainama, akagonga kwa kifundo cha kidole. Tukangoja. Kutoka chini, mbali kidogo, kama mtu aliye kwenye chumba cha pili: mara mbili. Kimya. Kisha moja.

Nilimnyanyua mtoto nikatoka.

Baba Achieng' aliingia, akagonga sakafu, akasikia naye. Nilimwona uso. Akasema ni mabomba. Hakuna bomba hata moja kwenye nyumba hiyo, maji ni ya tangi la nje.

Jumanne, 18 Machi

Baba Achieng' anakula, anaosha mikono, anakaa.

Nimemuuliza ripoti itasemaje kuhusu ile sauti. Akasema haitasema. Kanisa letu linafundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui kitu. Kwa hiyo kinachogonga si baba yake Otieno. Ni kitu kinachojifanya yeye, na kukiandika ni kukipa heshima.

"Mimi ni mkaguzi, Mama Achieng'. Si mchungaji. Jini halina mahali kwenye ripoti."

Ameandika ufa mdogo, plasta irudiwe, nyumba ni salama.

Ni mtu mwaminifu. Ndiyo maana ninaogopa. Hajadanganya. Ameacha tu.

Jumatano, 19 Machi

Ripoti imetumwa. Otieno ameshukuru sana. Amesema mkewe sasa amekubali kuja.

Sijisikii vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeandika bila kumuuliza. "Nyumba yako ikigonga kutoka chini, ni nini?" Sikutaja Otieno wala Sori. Sikusema inagonga vipi. Nilisema tu tuliweka mtoto sakafuni, akapiga, akajibiwa, na sisi wakaguzi hatujui. Mwenye kujua atuambie.

Kufikia mchana ilikuwa imesomwa kuliko zote tulizoandika tangu tuanze. Wengi wanasema ombeni. Mmoja anauza maji ya baraka. Mwingine anasema nyumba isiyolaliwa inamwita mwenyewe, na itamlaza, lakini si kitandani. Hiyo nimeifuta. Imebaki kichwani.

Baba Achieng' amesoma. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenivua nguo sokoni." Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 27 Machi

Maoni mapya, ya mwanamke anayejiita Boke wa Kehancha. Nanakili hapa jinsi alivyoandika:

"Dada, hiyo si jini. Mume wangu anachimba dhahabu. Wakiwa chini hawasikilizani, wanagongeana kwenye jiwe ili mwenzako ajue uko hai. Wakisikia mtu juu anagonga wanajibu, ni mazoea. Tafuta mdomo wa shimo. Na mtoe mtoto hapo."

Nimeisoma nimesimama. Uji umeungua.

Nimemwonyesha Baba Achieng'. Alikaa kwenye kitanda. Baadaye akasema polepole: sakafu ilikuwa na sauti ya mtungi. Alipoigonga siku ile ilikuwa tupu chini, na alijua, mkono wake ulijua, lakini alikuwa anataka kutoka.

Nyumba imejengwa juu ya shimo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia Dani. Ndiyo, Ouma aliwaachia watu wachimbe kwenye shamba lake nyuma ya ua. Walikuwa wanaingia chini kule wanatokea hajui wapi. Lakini waliacha Krismasi, maji yaliingia. Mdomo wa shimo umefunikwa matawi.

Waliacha Krismasi. Nimemuuliza tena. Krismasi.

Nani basi alijibu mwezi huu?

Sitaki kufikiria hilo. La kufikiria ni watoto wa Otieno.

Jumatatu, 31 Machi

Otieno hatuamini. Baba Achieng' amemwandikia kila kitu, ameomba msamaha. Ouma amemwahi. Amemwambia mke wa mkaguzi anatafuta wasomaji, ameona hadithi ya jini inalipa, sasa anaongeza ya shimo.

Jibu la Otieno: "Ripoti yako mwenyewe inasema salama. Nishike lipi?"

Tikiti amenunua. Mke ameshapanga nguo za watoto.

Ouma akanipigia mimi. "Wewe mama, kaa na nepi zako. Mambo ya dala, ya boma la watu, yatakuchoma." Nikamwambia nepi ninazo, na nitaendelea kuandika.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imeanza kweli. Tumerudi Sori kwenye matope.

Ufa umeshuka ukutani, umeingia sakafuni. Umepita kati ya vigae, ukachukua njia iliyonyooka kuelekea shamba la Ouma. Baba Achieng' alipiga sakafu kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Karibu na mlango, sauti ngumu. Katikati ya sebule, ngoma. Aliweka alama kwa chaki na akarudi nyuma kinyumenyume kama mtu anayetoka mbele ya ng'ombe mkali.

Dani alitaka kumsalimia mzee wake. Sikuweza kumkataza. Aligonga akiwa mlangoni.

Mara mbili. Kimya. Moja. Safari hii na maji ndani yake.

Nilimpeleka nje tukakaa. Nilimweleza yote, watu wa dhahabu, njia za chini, vile wanavyogongeana. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo unaninyang'anya mume wangu mara ya pili."

Ilinichoma. Lakini sikurudi nyuma. Nilimshika mikono yote miwili. "Dani, sijui ni nani. Kama ni mzee, anakukataza. Kama ni shimo, shimo linakukataza. Otieno asilale humo."

Dani alimchukua Achieng' akamfuta kamasi kwa kanga yake.

Waendesha boda wa pale njiani hawapiti tena karibu na ua huo. Wanazunguka.

Jumatatu, 14 Aprili

Ninashindwa kula. Wanafika Alhamisi. Otieno hashiki simu zetu.

Wiki hii sikuandika makala. Baba Achieng' ndiye aliyekumbuka. Amesema tumwahi pale uwanjani, atufukuze akitaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Tulifika kabla yao. Mvua ya manyunyu. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, kuku wanachinjwa, jiko limewashwa tayari kuingizwa ndani, maana mwenye nyumba anaingia na moto.

Gari likasimama. Otieno, mtu mnene, mpole, amechoka. Mkewe. Watoto wawili waliovaa viatu vyeupe. Niliviangalia hivyo viatu.

Baba Achieng' akasimama mbele yake, akasema alikosea, ripoti ile aichane. Ouma akacheka. "Huyu alisema salama, mkewe akasema jini, sasa yeye anasema shimo. Kesho atasema kiboko!" Watu wakacheka. Otieno akamsogeza mume wangu pembeni kwa mkono, taratibu, akachukua jiko, akaenda kwa mlango.

Dani alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Miguu imenyooka mbele yake, kama mtu anayechambua mboga.

"Mama, nipishe."

"Hapana."

"Mama, watu wanaona."

"Waone. Nimeifagia hii nyumba mwaka mzima nikikungoja. Najua inavyopumua. Hamtalala humu. Ukitaka kuingia, nikanyage."

Hakuna mtoto wa kiume anayeweza kumruka mama yake. Si huku. Otieno alisimama na moto mkononi hadi makaa yakafa. Ouma alipiga kelele, akachoka.

Wamelala gesti Sori. Mtu wa Qatar, kalala gesti, na nyumba yake inaonekana barabarani. Hatakuja kutusamehe. Sijali.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana walikuwa kanisani wote. Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Waliporudi, sebule haikuwepo. Kuta zimesimama, mapazia yananing'inia, katikati ni maji ya kahawia. Sofa na plastiki zake zimeenda.

Dani ndiye aliyenipigia. Alisema tu, "Nyathina, mtoto wangu, wote tupo."

Nilikaa chini jikoni nikalia mpaka Achieng' akaanza kulia naye.

Otieno alizungumza na Baba Achieng' muda mfupi. Hakumtukana. Alisema watoto wanaogelea ziwani na hawajui walichoponea.

Jumanne, 22 Aprili

Tumeandika makala pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika. Safari hii kila kitu. Upande wa Sori. Kosa letu. Sauti pia, ameitaja mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Boke ameandika tena. Si kwenye maoni, kwangu. Anauliza shimo hilo ni la nani. Nikamtajia Ouma. Mchana akaandika:

"Mume wangu alichimba kwa Ouma. Tangu Krismasi simu yake haipatikani. Ouma aliniambia amevuka Tanzania na mwanamke. Dada, hiyo sauti iligongaje? Kila mchimbaji ana namna yake ya kugonga."

Niliangalia hayo maneno mpaka jioni. Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini hakuniuliza ili nimbembeleze.

Nimemwandikia: mara mbili, kimya, kisha moja.



Jumapili, 27 Aprili

Boke alikuja Sori. Tulimkuta amekaa na Dani mbele ya nyumba ya zamani. Ni msichana, mdogo kuliko mimi. Otieno alikuwa ameenda na Ouma kwa chifu. Shimo litafunguliwa mvua ikipungua.

Nyumba ile haikutoa sauti. Tulimenya viazi.

Baadaye Dani akamwambia, bila kumtazama: "Kila siku nilimgongea, mwanangu, na kila siku aliitika. Hakunichoka. Hakuwahi kuniacha bila jibu."

Boke alifuta mikono kwenye sketi yake.

"Ni yeye, mume wangu," alisema. "Alikuwa na adabu."

Tukamenya viazi vilivyobaki.