Jiwe la Baba Manka

Dodoma, 12 Oktoba 1996

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama. Natumaini goti limepungua kuuma na sasa unashuka mwenyewe hadi migombani. Sisi tu wazima.

Lile jiwe ulilompa Manka siku tuliyomzika baba yake limevunjika.

Jana darasa lao lilikwenda makumbusho kujifunza habari za miamba. Mwalimu aliomba wazazi wachache tusaidie kuangalia watoto, nami nikaacha cherehani nikaenda. Kila mtoto alikuwa ameambiwa aje na jiwe. Sikujua Manka amebeba lile, Mama. Nilidhani liko sandukuni, ndani ya kanga uliyonipa, likisubiri Krismasi tuje kulitia kwenye saruji ya kaburi kama tulivyopatana.

Wenzake walimcheka. Wao walileta mawe ya kung'aa, lake la kijivu tu. Mmoja akamwuliza, "We Mchagga, umetuletea figa la kupikia ndizi?" Manka akajibu kwamba baba yake alikuwa mpagazi, alilishusha mwenyewe kutoka kule juu mlimani. Mzee wa makumbusho akasikia, akafurahi, akalipokea. Alisema jiwe halijulikani kwa nje, akashika nyundo. Kabla sijapenya katikati ya watoto, nyundo ilikuwa imeshashuka.

Nilikumbuka lilivyokuwa likizuia mlango wa jikoni, na Baba Manka akilisogeza kwa mguu akiingia na ndoo ya maziwa. Manka alisema taratibu, "Hilo ni la kaburi la baba."

Yule mzee akaweka nyundo chini, akakaa sakafuni palepale mbele ya watoto. Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Akataka kuliunga kwa gundi, ufa usionekane.

Manka akakataa. Ndani, Mama, ni jeusi, limejaa punje nyeupe zenye pembe, kama mtu amezipanga. Mzee alieleza kwamba zilijitengeneza polepole chini ya mlima kabla moto haujazitupa juu. Manka alizigusa moja moja, halafu akaniambia, "Mama, baba hakuwahi kuona huku ndani."

Tangu jana sijatulia. Manka anaogopa kukuandikia, anadhani hutamtaka Krismasi. Wewe ndiye uliyempa, wewe ndiye wa kusema. Ukikubali, tutaweka vipande vyote viwili kaburini, ule upande wa ndani utazame juu. Ukiona si sawa, niambie bila kunificha, nitapokea. Ila mtoto mtumie neno, hata moja.

Msalimie shemeji Eliamini anayetuangalizia kahawa, na mama jirani anayekukamulia ng'ombe.

Ukifagia pale kaburini, utukumbuke.

Ni mimi mkweo,
Mama Manka