Jasho Nisiloliandika

Kwako mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu haanzi neno kabla ya salamu.

Nimechoka, mjomba. Wanafunzi wako wa zikri wamekuja tena dukani leo, hata gunia la chumvi sijalifungua. Wanataka kesho nisimame kaburini kwako, hapa Bigwa, niseme nilikupima kwa saa nikathibitisha karama. Mimi, waliyekuwa wakinicheka, "Huyo hata rehema ataitia kwenye mizani!"

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nimetoka upagazini, mabega yamechubuka, hesabu nimejifunza mwenyewe njiani, na saa ya mfukoni ndiyo mali yangu yote. Kila Ijumaa baada ya swala uliketi mkekani, ukazama katika uradi hata ulimi ukanyamaza. Nikakushikia unyoya wa kuku chini ya pua. Sisi wengine pumzi kumi na sita, kumi na nane kwa dakika. Wewe nne. Paji la uso kavu, viganja vina moto, machozi yanatoka kwenye macho yaliyofumba. Ulipozinduka ukacheka: "We mtoto, unanipima kama kibaba cha chumvi?"

Ijumaa kumi na moja. Nikampelekea karatasi yangu yule daktari wa Kijerumani mjini. Akauliza kupitia mkalimani, "Nani mwingine alihesabu?" Hakuna. "Umepima watu wangapi wenye hali hiyo?" Mmoja. Akanirudishia. "Na mtu anayekufa akipumua mara nne, utamtambuaje?"

Nikatoka nimenuna. Niliona amenidharau kwa kuwa sikusoma.

Masika ikaja, nawe ukashikwa na homa. Siku ya tatu ukaomba uketishwe mkekani, ukaegemea ukuta, ukatulia. Mkazamjomba alitaka kukutikisa, wanafunzi wakamzuia: "Asiguswe! Aliye safarini haitwi, hurudi mwenyewe." Hiyo ndiyo kanuni uliyotuwekea. Mkazamjomba akanigeukia mimi. "Baba, hebu mtazame mjomba wako."

Nikatoa saa. Nikahesabu. Nikamwambia, "Usihofu. Ni nne, kama siku zote." Nikarudi dukani. Niliporudi alasiri, unyoya haukutikisika.

Paji lako lilikuwa limelowa, mjomba. Jasho la baridi. Nililiona. Nililipangusa kwa mkono wa kanzu lisichuruzike unyoya ukanata, kisha nikaendelea kuhesabu. Sikuliandika, maana karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya namba tu.

Kesho nitapanda kaburini bila saa, nami nitawaambia habari ya jasho. Wanafunzi wako watanitukana, hayo nimeyazoea. Ninayemwogopa ni mkazamjomba, atakayekuwa amekaa mbele. Mpaka leo ananishukuru kwamba siku ile nilimtuliza moyo.

Pumzika, nami niombee kauli thabiti hiyo kesho.

Ni mimi mpwa wako, mwenye saa.