Midomo Iliyochelewa

Suwon, 12 Novemba

Kwako dada Geum-ran,

Pokea salamu za mdogo wako kabla hujafungua mkahawa na wateja hawajaanza kukupigia kelele za supu. Mgongo je, umepoa? Shemeji bado anamkimbia daktari wa meno? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Simu zenyewe siziamini tena, na mtengenezaji ni mimi.

Jumamosi nilikwenda Chuncheon kumwona mama kwenye nyumba ya wazee. Usininunie kwa kuwa sikukuaga. Nilidhani nitamkuta yule mama wa kwenye video, anayeulizwa habari za dawa akajibu habari za kabichi, yule tuliyemcheka kwanza kisha tukasema akili zimeanza kumtoka. Dada, sikumkuta. Tuliketi uso kwa uso, akanikazia macho mdomoni, akajibu kila nilichouliza. Alitaka kujua mbona nimekonda, kwani ofisini wananilisha karatasi? Akamsengenya mzee wa chumba cha pili, eti anaiba kwenye karata na hata kuiba kwenyewe hajui.

Nikamuuliza mbona kwenye simu anakuwa mtu mwingine. Akasema masikio yalianza kufa tangu ile homa ya mwaka juzi. Sauti anaiokota kidogo, iliyobaki anaisoma midomoni. Kwa majirani na sokoni hana shida. Ila kwenye simu yangu sauti hutangulia na midomo ikaja nyuma, asijue ashike lipi, basi huitikia tu ndiyo, ndiyo. Nilipomlaumu kwa kunyamaza, alinishangaa. Kijiji kizima ameshakitambia kwamba simu hiyo ya picha imetengenezwa na mwanawe, sasa angeanzaje kuniambia kazi yangu mbovu?

Dada, kosa ni langu, na nililifanya macho wazi. Mtandao wa kule milimani kijijini kwa mama ni dhaifu. Picha ni nzito, huchelewa njiani, na sauti ni nyepesi, hufika kwanza. Kazi yetu ni kuifanya sauti ingoje picha ili ziende pamoja. Lakini wateja walilalamika kwamba mazungumzo yanakwama na watu wanakatizana maneno, basi mwaka jana nikaamua kwamba mtandao ukilegea, sauti isingoje. Tuliijaribu wenyewe, sote vijana wenye masikio mazima, hatukuona tatizo. Mwenzangu Hye-rin peke yake alipinga, akasema shangazi yake, nusu kiziwi, atapotea kabisa. Nilimjibu mbele ya watu kwamba hatumtengenezei simu shangazi yake. Wakaangua kicheko. Na wewe ulikuwa umeshaniambia kwamba siku hizi mama anatazama sana midomo ya watu. Nilijua, dada. Sikutaka tu kuyaweka pamoja mambo hayo mawili, kwa sababu yangeniharibia kazi yangu.

Jumatatu nilifungua kumbukumbu za simu zetu. Ile ya Agosti, ulipomuuliza mama kama anakubali kuhamia nyumba ya wazee, midomo yako ilimfikia karibu nusu sekunde nyuma ya sauti. Unakumbuka alivyotabasamu? "Ndiyo, wanangu, ndiyo." Tukashusha pumzi. Mama hakulipata lile swali. Na siku ulipokwenda kumchukua ulikuwa ukilia njia nzima, hukuweza kumweleza kitu.

Sauti nimeirudisha ingoje, na Hye-rin nimemwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Hayo hayamrudishi mama nyumbani. Fomu ya kumwingiza kule ina saini yako, kwa hiyo barua ya kumtoa lazima uiandike wewe. Nakusihi uitume wiki hii. Nitakwenda na gari mimi mwenyewe, na majira haya ya baridi nitakaa naye. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila barua itangulie.

Msalimie shemeji, na watoto wako wambusu kwa niaba yangu huyo paka wao mnene. Mama naye anakusalimu sana. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono, akaniagiza nikushukuru kwa mapumziko uliyompa, chakula ni kizuri na amenenepa. Ila anasema miezi mitatu ya kupumzika inatosha, umrudishe kabla baridi haijaunguza kabichi zake, maana kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, yako na yangu ya mwaka huu hajaitia bado.

Mdogo wako,
Do-hyeok