Kaka Tito, Vidonge Ulimeza

Kaka Tito,

Huko uliko usiukunjie sura mwandiko huu. Wewe ndiye uliyesema naandika kama kuku anaparua majivu. Darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa sababu walinichoka.

Tangu tukuzike situlii. Naenda Tunduma, narudi Mlowo, kukaa siwezi. Mama ameshika neno moja: "Tito angemeza vidonge vyake, angekuwa hapa." Anakumbuka zile klorokwini ulizokuwa unaficha chini ya godoro utotoni. Nikimwambia ulikuwa unameza mbele yangu, ananijibu, "Wewe na kaka yako lenu moja."

Na mwanzo tulitamba. Kidonda cheusi cha saratani unyayoni na ile mivimbe ya kinenani, vyote vilinywea. Dawa ikafanya jua likuunguze, ukawa unatembea na mwavuli wa Mama kama bibi harusi, nakucheka. Mama akapeleka jogoo wa shukrani kanisani. Halafu mivimbe ikarudi, na vidonge vilikuwa vilevile.

Juzi nikapanda basi hadi kwa daktari wako. Alinieleza mara moja nikaelewa. Haya, mara mbili. Vidonge vile vinaziba amri moja ndani ya seli za saratani, ile inayoziambia ziongezeke. Nyingi zilikufa. Chache zilizobaki zikapata njia nyingine ya kupitisha amri ileile, zikazaana, dawa ikabaki imeziba njia ambayo hazipiti tena.

Nikakumbuka mechi ya Itumba. Wewe kocha, ukaniambia, "Namba tisa wao mfuate hata akienda chooni." Nikamganda, maana beki kama mimi Mbozi nzima hakuna. Hakugusa mpira. Tukafungwa mbili, zote na beki wao wa pembeni ambaye hata jina hatukulijua. Timu nzima ikanirukia. Ukawanyamazisha: "Mwacheni. Kazi yake aliifanya."

Jumapili ukoo unakutana Igamba kumaliza matanga, na najua Mama atalisema tena neno lake mbele ya wajomba. Nitasimama, mimi mdogo wa wote, niwaeleze habari za seli. Wakicheka na wacheke. Nikikwama katikati, nitamtazama Mama nimwambie kama ulivyosema wewe: kazi yake aliifanya. Kisha nitakaa.

Pumzika, kocha. Namba tisa wako ulimshika.

Mdogo wako,
Beki