Kofia Iliyoijua Barabara ya Kamituga

Mudogo wangu,

Leo nimeishika kofia yako. Mke wako aliniletea hapa Kadutu baada ya matanga, nikaiweka juu ya kabati, kwa maana iliwahi kunitia aibu.

Unakumbuka kule Kamituga, kabla vita havijatuhamisha, tulivyokaa sakafuni kwa jirani mwenye televisheni? Filamu ilikuwa ya Kifaransa, nawe ulimtafsiria Mama. Yule dereva aliyeomba ruhusa kwa kofia yake kabla ya kupita katikati ya moto alikuteka moyo. Mama alicheka hadi machozi: "Huyu fou, huyu mwenda wazimu, njo anajuaka kazi kupita bote!"

Ulipopata lori, ukawa yeye. Mbele ya kila daraja la magogo ulisimama, ukavua kofia, ukachungulia ndani, ukaiuliza kama mkubwa wako wa kazi:

"Chef, tupite wapi?"

"Dereva, kofia inasema nini?" abiria walipiga kelele.

"Inasema maman wa kuku ashuke wa kwanza, iko muzito!"

"Muzito ni kichwa yako!"

Wote walishuka wakicheka, nawe ukavusha lori tupu, polepole. Miaka yote ile hukuangusha hata mtu mmoja.

Kisha ikaja ile safari niliyokwenda kwa lori lako na walimu wenzangu kusimamia mitihani. Kwenye daraja la tatu, ulipoanza mazungumzo yako na kofia, mwenzangu aliniuliza, "Huyu mwenda wazimu ni nani?" Nikajibu, "Simujue. Ni dereva tu." Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ulivaa kofia, ukatuvusha, hukuligusia neno lile mpaka unakufa. Nami sikukuomba msamaha.

Asubuhi hii nimeona bitana yake imeshonwa upya kwa uzi mweusi, ila ukingo mmoja umeachwa wazi kama mfuko. Nikaikunjua. Ndani mna karatasi iliyolainika kwa jasho, mwandiko wako mdogo: gogo la kushoto limeoza, kilima chekundu, mvua ikinyesha ngoja, hapa washushe wote. Barabara nzima, daraja kwa daraja. Kumbe ulikuwa unasoma, na ulituchekesha ili tusione hatari.

Kwenye daraja la tatu umeniandika mimi, mkubwa wako: "Hapa Yaya anaogopaka. Umuchekeshe."

Siku ile sikucheka. Nimecheka leo, peke yangu, kisha nikalia.

Lala salama, mudogo wangu. Na yeyote anayesoma barua hii ajue: yule dereva wa kofia ninamjua. Ni ndugu yangu, tumbo moja.

Yaya wako