Mama Ananiita kwa Jina la Marehemu

Kijiji cha Nahoy,
Mkoa wa Siengkhuang,
Laos.

9 Machi, 2019.

Mpendwa kaka Sisouk,

Shikamoo. Hujambo huko Toulouse, na shemeji anaendeleaje? Magoti yako je, baridi imeyaachia? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mashamba yamekauka, ng'ombe wamekonda kama kawaida ya miezi hii, na binti yangu Latsamy ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo siku hizi anacheka amefunga mdomo.

Nimesema wazima wa mwili makusudi. Habari ya mama ndiyo iliyonishikisha kalamu, na naomba uketi kwanza.

Unajua mwenyewe alivyo tangu vita. Hakuwahi kuwasha moto mchana. Wali wa kunata aliupika kabla hakujapambazuka, tukashinda tunaula wa baridi, na nguo nyeupe alizianika chini ya nyumba, ndege zisizione. Mimi nilizaliwa mabomu yamekwisha kunyamaza, lakini nimelelewa hivyo hivyo. Khamtanh aliponioa akaja kukaa kwetu, alinitania, "Hivi nyumba hii mnapigana na nani?" Mpaka leo nikiona shuka jeupe juani moyo hunienda mbio, nami maishani mwangu sijaona ndege hata moja ikidondosha kitu.

Mwezi uliopita wategua mabomu walichimbua bomu kubwa karibu na bwawa la zamani. Walipita na kipaza sauti wakitangaza kwamba watalilipua mchana, tusiogope. Mama nilimweleza mwenyewe, nikimsemea sikioni. Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda zangu kuwatazama ng'ombe, nikijua ameelewa.

Kishindo kilinikuta njiani kurudi. Nyumba ilikuwa wazi, chungu kimepinduka, mama hayupo, Latsamy hayupo. Majirani walidhani wamekwenda hekaluni. Mimi miguu yangu ilijua. Nikakimbilia pangoni, mlimojificha wakati wa vita.

Sikuwahi kuingia pango lile, kaka. Wewe uliishi humo. Mimi nilikatazwa hata kulisogelea. Niliwakuta nyuma kabisa, pale ambapo mwamba ungali mweusi kwa masizi yenu. Mama alikuwa amemkumbatia Latsamy, amemziba masikio kwa viganja. Mtoto hakuwa akilia. Alinitazama tu, kama mtu mzima.

Nilimwambia mama kwamba ni wale wategua mabomu, kazi imekwisha, twende nyumbani. Akakataa. Alisema hatoki mpaka Boualay arudi na maji.

Dada yetu huyo mimi namjua kwa jina tu. Najua alitoka nawe kwenda kijitoni, ukarudi peke yako. Basi nilibembeleza mpaka sauti ikanikauka. Khamtanh alipofika akajaribu kumbeba, mama akamng'ata mkono. Mama yetu, kaka, ambaye hajawahi hata kumfokea mkwe. Ndipo nikatoka hadi mlangoni mwa pango, nikasimama kidogo kwenye mwanga, kisha nikaingia upya.

"Mama, nimerudi."

Alinikazia macho.

"Boualay? Mbona umekawia hivyo, mwanangu?"

"Kijito kilikuwa mbali."

"Na maji?"

"Yamemwagika, mama. Nisamehe."

"Maji si kitu," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.

Alinishika njia nzima, kucha zikaniingia nyamani.

Kesho yake tulimwita mzee Bounthan aje aiite roho ya mama irudi mwilini, nasi jamaa tukafungana nyuzi mikononi kama ilivyo desturi. Ilipofika zamu ya mama kunifunga mimi, alikaza fundo taratibu, akasema, "Roho ya Boualay, rudi nyumbani, usizurure tena porini." Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemsahihisha, wala mimi sikuweza. Uzi ule bado ninao mkononi ninapokuandikia. Baadaye Latsamy aliniuliza kama mimi ndiye niliyekufa. Naye, masikini, siku hizi hacheki hata kwa mdomo uliofungwa, na kila akitoka nje hutazama juu kwanza.

Sasa sikiliza ajabu. Tangu siku ile mama anapika mchana. Moshi unapanda wazi, tunakula wali wa moto, na usingizi anaupata. Majirani wanasema amepona.

Lakini juzi nikimchana nywele aliniuliza, "Mdogo wako Manivone yuko wapi? Simwoni siku nyingi." Nikamwambia amekwenda sokoni Phonsavan. Tangu hapo, kila alasiri anakaa ngazini akiitazama barabara. Ananingoja mimi, kaka, nami nimeketi ubavuni pake.

Sikuulizi kilichotokea kijitoni. Hukupata kukisema, na sitakulazimisha. Naomba tu uniambie dada alikuwa akicheka vipi, alimwitaje mama wakiwa wawili, aliimba nini akitwanga mpunga. Mama ananiuliza mambo ya zamani, nami nabahatisha. Siku nikikosea atajua kwamba mwanawe hakurudi, na sijui kama moyo wake utastahimili kumzika mara ya pili.

Nisalimie sana shemeji, na mwanao Somphone umwambie shangazi yake anamkumbuka. Khamtanh anakusalimu, kidonda cha mkononi kimefunga. Latsamy naye anakuamkia. Roho zenu zote zitulie miilini mwenu, pasipatikane hata moja iliyopotea njia.

Na utakapojibu, anza barua kwa jina langu, uliandike kwa herufi kubwa. Mbele ya mama hakuna anayethubutu kulitamka tena.

Mdogo wako akupendaye daima,

Manivone